Mlango wa Dalacha

Mtu akikuambia Isiolo hakuna reli, usibishane naye, utachoka bure. Mshike mkono umlete Wabera, mpite duka la Bule la sukari na majani chai, mpite msikiti mdogo, mpaka kwenye geti la mabati ya buluu. Agonge. Kama ni baada ya swala ya alasiri atafunguliwa na Mama Kabale, ataambiwa aangalie anapokanyaga, halafu ataiona kwa macho yake: inaanzia chini ya tangi la maji, inapita kati ya mipapai miwili, inazunguka kitalu cha sukuma wiki, inapotelea nyuma ya jikoni na kurudi pale pale ilipoanzia. Ile ya serikali bado tunaingoja. Ya Duba Waqo ilifika zamani, na treni inapita kila siku.

Duba ni Mborana wa miaka sabini na nne, mrefu, mkavu, mwenye ndevu za hina na ukaidi ambao haukupakwa kitu, alizaliwa nao. Alichanja mifugo ya watu katika idara ya mifugo mpaka akastaafu. Wenzake walipostaafu walinunua mbuzi, wengine wakaoa tena. Yeye alinunua msumeno wa kukatia chuma. Kabale, mke aliyeishi naye miaka arobaini na tano, alipouona huo msumeno alimshukuru Mungu kwamba si mke wa pili. Siku hizi ukimuuliza anasema heri angekuwa mke wa pili, angalau angemsaidia kufua.

Msimcheke Duba lakini. Kazi yake ni safi. Vyuma vya reli ni vile vya pazia, alivyoviokoa kutoka nyumba moja iliyokuwa ikibomolewa. Mataruma, yaani vile vipande vya mti vinavyolala chini ya chuma, alikata ya mti wa mathenge, akayapaka oili chafu ili mchwa wasiguse. Kokoto zote alichota mtoni, akazichekecha moja moja kwa chekeche la unga ambalo nyumbani lilitafutwa wiki nzima. Injini yenyewe imetengenezwa kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, ndani yake kuna mota ya waipa ya gari la Probox aliyopewa na Kiogora, yule Mmeru fundi wa magari, na inaendeshwa kwa betri ya pikipiki. Ikitembea inalia kama cherehani. Kitu kimoja tu kinaishinda, nalo ni jua la Isiolo. Kuanzia saa nne asubuhi chuma kinapata moto, kinarefuka, kinapinda kama nyoka, na treni ikijaribu kupita inalala ubavu. Ndiyo maana ratiba ya Duba ni moja na haibadiliki: alasiri, jua likishalegea.

Na treni yake haibebi watu wala mizigo. Inabeba ng'ombe. Aliwachonga kwa mbao za makreti ya nyanya, kila mmoja na rangi yake: mwekundu, mweusi, wa madoadoa, mweupe mwenye masikio meusi. Ni wangapi? Hapo sikuambii. Mborana hasimami mbele ya watu akahesabu ng'ombe, hata wawe wa mti. Anawajua kwa rangi, na akikosekana mmoja atajua kabla wewe hujafika kumi. Kila behewa lina milango miwili: mkubwa upande wa jukwaa, mdogo upande wa pili. Kabale aliwahi kuuliza mlango mdogo ni wa nini, na kwa nini behewa la kwanza, lile linalofuata injini, huwa halipakiwi kitu.

"Hiyo ni ya akiba," Duba akamjibu.

"Akiba ya nini? Ng'ombe wa kesho?"

Duba akajifanya anafunga skrubu.

Sasa, kila alasiri kulikuwa na mgeni mmoja, kama unaweza kumwita mgeni mtu aliyekuwa na kikombe chake mwenyewe katika nyumba hiyo. Umuro. Rika moja na Duba, mfupi, mwenye magoti mabovu na mdomo usiochoka. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni miaka thelathini na kitu, na bado akiona sufuria la watu anainua kifuniko. Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, watoto wametawanyika, hivyo baada ya swala alikuja na fimbo yake, akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta wa jikoni, akaletewa chai ya maziwa, akaanza kuisema treni vibaya.

Jambo moja la Umuro watu wote wa mtaa walilijua, kwa sababu alilisema mwenyewe kwenye harusi na kwenye matanga: yeye hafugi ng'ombe. Mbuzi, sawa. Kuku, sawa. Ng'ombe, hapana. Mborana asiye na ng'ombe hata mmoja! Ukimuuliza kwa nini, anacheka mpaka mabega yanaruka. "Ng'ombe zilinikataa," anasema. "Niliachwa na ng'ombe vile wengine wanaachwa na bibi." Na watu wanavunjika mbavu. Duba naye alikuwa akicheka na watu, lakini macho yake yalikuwa chini.

Siku Duba alipowapakia ng'ombe wake wa mti kwa mara ya kwanza, Umuro aliinuka kwenye kiti, akainama kwa shida, akawatazama mmoja mmoja. Aliwatambua. Hakuna aliyemwambia, lakini aliwatambua wote, akawa anawataja: huyu alikuwa mbishi kupanda mlima, huyu alimpiga mtu teke pale Timau. Kisha akafika kwenye behewa la kwanza, akalikuta tupu.

"Na wa mbele?"

"Sijamaliza kumchonga," Duba akasema.

Umuro akacheka kile kicheko chake. "Wacha tu. Hata akiwa wa mti amekataa kuja."

Duba alikuwa ameshamchonga. Alimchonga kabla ya wengine wote, kabla hata ya kutandika reli. Alikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake dakika ile ile, na Duba alihisi kama mti unamchoma ubavu.

Wacha niwarudishe nyuma, kwa sababu bila hii mtaniona naongea ng'ombe tu. Wakati Duba na Umuro ni vijana wa miaka kumi na minane, hakukuwa na malori ya kubeba ng'ombe kama leo. Mfanyabiashara alinunua ng'ombe huku chini, akaajiri vijana, wakawaswaga kwa miguu kutoka Isiolo, wakapanda nao Timau kwenye baridi inayouma mifupa, mpaka stesheni ya Nanyuki. Siku nne, tano. Hapo wanapakiwa kwenye treni kwenda Athi River kuchinjwa, na vijana wanarudi nyumbani kwa miguu.

Tatizo ni kwamba ng'ombe wa huku hajawahi kuona treni. Akiona lile daraja la mbao na giza la behewa, anakataa, na akikataa mmoja wote wanakataa. Kwa hivyo kunakuwa na maksai mmoja mpole wa kuwaongoza. Yeye hauzwi. Anapanda wa kwanza, taratibu, wengine wanamwona na kumfuata, na behewa likianza kujaa anatolewa kwa mlango mdogo wa upande wa pili. Anazungushwa, anapelekwa behewa linalofuata, anaanza tena. Kazi ikiisha, anarudi nyumbani na vijana.

Maksai huyo alikuwa wa Umuro. Wake kabisa. Ng'ombe aliyemzaa alikufa kwa ukame, yeye mwenyewe akiwa ndama wa siku chache, na mama yake Umuro akamlea kwa maziwa ya kibuyu ambayo watoto wa nyumbani waliyahitaji. Alikuwa wa kijivu, na kwa Kiborana ng'ombe wa kijivu anaitwa dalacha, basi likawa ndilo jina lake. Dalacha hakufungwa kamba wala kuchapwa. Umuro alipiga mluzi, mbili fupi na moja ndefu, na Dalacha akaja kutoka popote alipokuwa. Umuro alipiga mluzi huo mchana kutwa, bila sababu, kwa raha tu ya kuona masikio ya Dalacha yakigeuka.

Pale stesheni kila kijana alikuwa na mahali pake. Umuro upande wa jukwaa, akiwasukuma ng'ombe. Duba upande wa pili, peke yake, kazi yake moja: kufungua mlango mdogo, kumtoa Dalacha, kuufunga. Alifanya hivyo behewa baada ya behewa, kutoka mkia wa treni kuja mbele, bila kosa. Wakafika behewa la mwisho, lile lililo nyuma ya injini.

Na hapo ndipo Duba alipoiona injini kwa karibu.

Mtu asimlaumu sana mtoto wa miaka kumi na minane. Alikuwa mtoto wa manyatta. Hajawahi kuona kitu kikubwa kiasi kile kikipumua. Mvuke ulitoka ubavuni, magurudumu yalikuwa marefu kumshinda, moto ulionekana ndani, na mtu mweusi kwa masizi alikuwa anaijaza maji kwa bomba nene kama shina la mti. Duba akasema moyoni, hatua mbili tu. Akaenda hatua mbili, akaenda kumi. Akasimama mdomo wazi. Alikuwa na furaha ambayo hajaipata tena mpaka leo, na hilo ndilo linalomuuma zaidi: kwamba alikuwa na furaha.

Filimbi ikalia. Akakimbia kurudi. Mlango mkubwa ulikuwa umeshafungwa na watu wa stesheni, treni ilikuwa imeanza kusogea, na mlango mdogo alikuwa hajaufungua. Akashika komeo, akakimbia nalo hatua kama sita, likamponyoka. Treni ikapita yote, behewa kwa behewa. Mwisho wake ulipopita, wakabaki wawili wakitazamana, Duba upande huu, Umuro upande ule, reli katikati, na Dalacha hayuko.

"Yuko wapi?" Umuro akauliza.

Na Duba, kwa hofu, akajibu neno la kwanza lililomjia mdomoni. "Nilimfungulia. Alikataa kushuka."

Basi. Maneno matatu, manne. Umuro hakulia wala hakumgombeza mtu. Alirudi Isiolo kwa miguu akitembea mbele, mahali ambapo Dalacha alizoea kutembea. Hakuswaga ng'ombe tena, akaenda kutafuta kazi ya jikoni. Mluzi wake haukusikika tena. Miaka ikapita, ikawa hamsini na zaidi, na lile neno la uongo likageuka kichekesho cha harusini: ng'ombe zilinikataa.

Sasa mnajua kwa nini kuna reli Wabera.

Jumatatu moja mwaka huu Umuro alikuja kama kawaida, akaketi, akapuliza chai, akasema: "Hamdi anakuja kunichukua Ijumaa, baada ya swala." Hamdi ni kitinda mimba wake, analima vitunguu na nyanya kule Rapsu, na kwa mwaka mzima alikuwa akimbembeleza baba yake akakae naye. "Nimekubali. Magoti haya hayatanipikia."

"Utarudi lini?" Duba akauliza.

"Kurudi kufanya nini? Kuangalia mkebe ukizunguka papai?" Lakini sauti yake haikuwa na mzaha wote wa siku zingine.

Duba akahesabu siku kwa vidole. Alikuwa amejiambia atamweleza siku fulani. Alipoanza kuchonga alisema, nikimaliza kuchonga. Akamaliza, akasema, reli ikikamilika. Ikakamilika, akasema, mvua zikiisha. Sasa zilibaki siku nne, na Umuro angeenda Rapsu, na huko angekufa, kwa maana wote wawili hawakuwa watoto, akiamini kwamba kitu alichokipenda kuliko vyote kilimgeuzia kisogo. Duba ndiye aliyempa imani hiyo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kuiondoa.

Jumanne akajaribu. Alimwita Umuro kwa sauti nzito, Umuro akageuka, na Duba akajikuta anamweleza habari ya grisi. Dakika kumi nzima, grisi ipi inafaa magurudumu madogo. Umuro alimsikiliza kwa huruma kama mtu anayesikiliza mgonjwa.

Jumatano asubuhi Kabale alichukua koti la Duba alifue. Akapekua mifuko kama mke yeyote mwenye akili, akamkuta maksai wa kijivu, amesuguliwa na vidole mpaka mgongo unang'aa. Akamweka mezani kando ya chapati.

"Huyu ni nani anatembea kwa mfuko wako kama kitambulisho?"

Duba akasema yote, pale pale mezani, akitazama chapati. Kabale alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo Duba hakuwahi kuliona tangu amwoe. Alipomaliza, Kabale alikuwa amekasirika kweli kweli.

"Duba! Miaka yote hii nampikia huyo mtu chai, anacheka na uchungu wake hapa mlangoni kwangu, na wewe unajua?"

"Najua."

"Leo unamwambia. Usipomwambia, mimi nitamwambia, na mimi sijui kusema pole pole."

Alasiri hiyo treni ilizunguka mara moja, Duba akaizima. Umuro alikuwa akikoroga chai.

"Umuro."

"Naam. Grisi tena?"

"Dalacha hakukataa kushuka."

Kijiko kikaendelea kuzunguka kwenye kikombe, ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Sikumfungulia," Duba akasema. "Nilienda kuangalia injini. Niliporudi treni ilikuwa inaondoka. Nilikudanganya. Na kitu kingine. Ulikuwa unapiga mluzi."

"Nilikuwa napiga."

"Wewe hukumsikia Dalacha kwa sababu ya kelele ya mvuke. Mimi nilikuwa kwa mlango, nilisikia. Alikuwa analia ndani. Alikuwa anakuitikia."

Kijiko kikasimama. "Mara ngapi?"

"Kila ulipopiga."

Umuro akaweka kikombe chini, nusu yake haijanywewa. Akachukua fimbo, akainuka kwa hatua zake tatu za kuinuka. Alipofika getini akageuka, na uso wake ulikuwa mgeni kabisa kwa Duba. "Nimejicheka mbele ya watu," akasema. "Maisha yangu yote nimejicheka mimi mwenyewe." Akatoka bila salamu, yeye ambaye hakuwahi kutoka nyumba ya Mwislamu bila kusema salaam aleikum, hata akiwa amekasirika.

Alhamisi hakuja. Kiti cha plastiki kilikaa peke yake kando ya ukuta, na Duba hakuwasha treni. Alimwambia Kabale kwamba amemwua rafiki yake mara mbili.

"Ulitaka akupigie makofi?" Kabale akasema. Lakini alimwongezea sukari kwenye chai.

Ijumaa Duba alimwona msikitini, safu ya mbele. Swala ilipoisha Umuro alipita karibu yake akielekea viatu vyake, asimtazame. Duba akarudi nyumbani akaketi chini ya tangi, karibu na kile kistesheni alichokiita Nanyuki, akiwa na Dalacha mkononi. Ndani Kabale alikuwa anakaanga buni kwa samli, zile buni nzima ambazo Waborana huwapa wageni wa heshima na kuombeana nazo dua. Harufu ilijaa uani. Duba alimwuliza anamkaangia nani, akaambiwa anyamaze.

Ilikuwa kama saa nane pikapu iliposimama nje. Ilikuwa imebeba godoro, sufuria kubwa na mbuzi wawili, na Hamdi alikuwa kwenye usukani. Geti likafunguka.

"Salaam aleikum," Umuro akasema.

"Wa aleikum salaam!" Kabale akajibu kutoka jikoni, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Umuro akapita moja kwa moja mpaka kwenye reli. "Washa," akamwambia Duba.

"Saa hii haiwezi. Jua ni kali, chuma imepinda."

"Mimi naenda Rapsu saa hii. Washa."

Duba akamwonyesha. Karibu na mipapai reli ilikuwa imejikunja vibaya, huwezi kupitisha hata kisanduku cha kiberiti. Wakasimama hapo wazee wawili wakiitazama, hawajui la kufanya, na Hamdi nje akapiga honi mara moja kwa adabu. Ndipo Kabale akatoka jikoni na mtungi wa lita ishirini. Maji, Wabera, wiki ambayo mfereji ulikuwa haujatoa tone tangu Jumanne, na tangi limekauka! Yule yule Kabale anayefua kwa maji aliyooshea mchele. Akaanzia tangini, akayamimina juu ya chuma, pole pole, akizunguka uani mzima mpaka mtungi ukaisha. Reli ikatoa moshi kidogo, ikalia tik, tik, tik. Ikajinyoosha.

"Haraka basi," akasema. "Mwingine sina."

Duba akaleta treni jukwaani. Hakuna aliyemwambia Umuro asimame wapi. Alienda mwenyewe upande wa jukwaa, akashuka chini kwa magoti yake mabovu, akiuma meno. Duba akazunguka upande wa pili. Akanyoosha mkono juu ya reli, akampa Umuro maksai wa kijivu.

Umuro alimgeuzageuza. Akampitishia kidole gumba mgongoni, pale palipong'aa. Akamweka kwenye daraja dogo, akamwingiza behewa la kwanza, taratibu, kichwa mbele, halafu wengine nyuma yake, mwekundu, mweusi, wa madoadoa. Akafunga mlango mkubwa.

Kisha akaweka midomo yake pamoja akapuliza. Ikatoka hewa tupu. Meno ya mbele aliyaacha zamani. Akalamba midomo, akapuliza tena, hewa. Duba alilishika komeo la mlango mdogo kwa vidole viwili, akingoja. Mara ya tatu ukatoka, mwembamba, wenye kutu, lakini ni wenyewe: mbili fupi, moja ndefu.

Duba akafungua mlango. Akamtoa Dalacha, akamweka chini kwenye kokoto, akamtembeza kwa mkono wake mpaka mbele, akampitisha mbele ya injini bila kuitazama injini, akamleta upande wa pili mpaka kwenye kiganja cha Umuro.

"Umechelewa," Umuro akasema.

"Nimechelewa."

"Hakunikataa." Hakuwa anauliza. Alikuwa anamwambia maksai, au labda anajiambia mwenyewe.

Duba akalia. Alilia waziwazi, mbele ya mkewe, kama mtu aliyefiwa. Umuro naye macho yake hayakuwa makavu, lakini mdomo ulikuwa wake ule ule. "Usinililie, nina safari. Na usifikiri imeisha. Bado nina hasira na wewe, Duba, hasira kubwa. Nitaenda nayo Rapsu. Ikipungua nitakuambia."

Akamtia Dalacha kwenye mfuko wa shati. Kabale akaleta buni kwenye bakuli la mti, zinameremeta kwa samli. Umuro akachukua kidogo, akatafuna kwa magego aliyobaki nayo, akapaka mafuta yaliyobaki usoni na kwenye mikono kama desturi. Kisha, baada ya kusita, akasukuma bakuli upande wa Duba. Hamdi akapiga honi ya pili, na hiyo haikuwa na adabu.

Jumamosi na Jumapili Duba aliendesha treni peke yake. Behewa la kwanza lilikuwa tupu, mlango wake mdogo wazi.

Jumatatu alasiri simu ikaita. Alikuwa Hamdi, na nyuma yake ilisikika mashine ya kuvuta maji.

"Baba Duba, shikamoo. Huyu mzee mlimpa nini huko?"

"Kwani amekuwaje?"

"Anapiga mluzi! Tangu Jumamosi. Anazunguka kwa vitunguu na fimbo yake akipiga mluzi, majirani wameniuliza kama amepoteza mbwa. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kumsikia akipiga mluzi. Nilifikiri hajui."

Duba akashika simu kwa mikono miwili. "Hamdi, mwanangu. Yuko karibu?"

"Yuko hapo tu kwa mfereji."

"Weka spika, inua simu. Usimwambie kitu, inua tu."

Kwanza akasikia mashine, na upepo. Kisha ukaja, kwa mbali, umeshapata nguvu kidogo kuliko siku ya Ijumaa: mbili fupi, moja ndefu. Duba alitazama jikoni, akatazama geti. Akavuta pumzi. Halafu, mzee mzima, mwenye ndevu za hina, akainamia simu na kulia kama ng'ombe, mlio mrefu kutoka tumboni, mpaka mbuzi wa jirani wakajibu.

"Nani ameleta ng'ombe hapa?" Kabale akapaza sauti kutoka ndani.

Kule Rapsu mluzi ukakatika. Mashine tu. Duba akangoja, simu imembana sikio. Kisha mluzi ukapigwa tena, na safari hii ulikuwa karibu kabisa na simu.